'Malaika' ni kilio cha kapera, si wimbo wa harusi

Ni nadra siku hizi harusi ya mjini kwisha bila bendi kupiga 'Malaika'. Maharusi hukumbatiana, wageni nao huinua simu wapige picha. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: wimbo ule unasema nini hasa?

Unasema kwamba harusi haipo! Anayeimba ni kijana anayempenda msichana kwa dhati ila hana uwezo wa kumwoa. Kinachomkwamisha ni ukata.

Siri yote imo katika kiambishi kimoja kidogo, '-nge-'. Mtu akikwambia "ningekula", jua hajala. Kiambishi hiki hudokeza tendo ambalo lingetokea lau sharti fulani lingetimia, na sharti lenyewe halijatimia. Mtunzi angetumia '-ngali-', tungejua mambo yamekwisha na msichana keshaenda zake. Kwa kuchagua '-nge-' amemwacha kijana mlangoni: hajaoa, wala hajakata tamaa.

Kitenzi 'oa' nacho kina kisa chake. Kwa desturi ya Kiswahili, mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Miriam Makeba wa Afrika Kusini, aliyeusambaza sana wimbo huu ng'ambo na kuurekodi na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, hakukibadilisha. Sauti ni ya mwanamke, sarufi ni ya mwanamume. Msikilizaji asiyejua Kiswahili hawezi kuling'amua hilo. Kwake ni utamu wa sauti tu.

Kinaya kikubwa zaidi ni kwamba wimbo wa kulilia pesa uliishia kuzua mvutano wa pesa. Mkenya Fadhili William aliurekodi miaka ya mwanzo ya 1960 na wengi wakamjua kuwa ndiye mtunzi. Wengine, akiwemo Adam Salim, wakadai kwamba ni wao walioutunga. Ubishi huo haukuisha hata Fadhili alipofariki mwaka wa 2001.

Kwa maoni yangu, ubishi huo umetupotezea wakati. Tumeuliza mno ni nani aliyetunga, tukasahau kuuliza alitunga nini. Ati tunaupenda wimbo, kumbe tunapenda lahani yake! Mahari na gharama za arusi zingali zinawachelewesha vijana wetu, na lalamiko lao limo mle ndani, limetungwa kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mwanafunzi wa shule ya msingi anakielewa. Tukiufanya kuwa muziki wa kukatia keki, tunamziba kinywa kijana yule.

Walimu wanaofundisha hali ya masharti wana mfano mzuri hapa, unaojulikana na kila mtoto. Mgeni akiucheza wimbo huu harusini ana udhuru, kwani haisikii '-nge-'. Sisi tunaoisikia, je, tuna udhuru gani?