Milimita Moja Iliyoiponza Crown Graphic

Mgongo wa kamera ya bamba una jukumu moja kubwa: kuhakikisha uso wenye ukungu wa kioo cha kulengea unakaa pale pale utakapokaa uso wa filamu. Mbao zinaweza kung'aa na skrubu zikawa mpya, lakini nyuso hizo mbili zikipishana, kamera ni mbovu. Ukarabati wa Crown Graphic ya inchi 4 kwa 5, ambao wapenzi wa kamera hizi wameutazama tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho, umetoa kamera nzuri kwa macho na mbovu kwa kazi.

Mengine yalikwenda vyema: mivukuto ilizibwa matundu, springi zikanyooshwa, na vyuma viwili vya kubania vya mgongo wa Graflok vikaanza kuteleza tena bila kukwama.

Kosa lilitendeka pale lenzi ya Fresnel ilipong'olewa. Katika migongo ya Graflok, ambayo Graflex ya Rochester ilianza kuitoa mwaka 1949, fremu iliyotoka kiwandani na Fresnel ilichongwa kwa kuihesabu lenzi hiyo. Fresnel hutangulia kwenye vikalio vya fremu, upande wa lenzi ya kamera, kisha kioo hulazwa juu yake. Fundi aliona imechubuka, akaiweka kando. Akakata kioo kipya, akageuza upande wa ukungu kuelekea mbele kama inavyotakiwa, kisha akakilaza kwenye vikalio vile vile na kukaza skrubu. Nafasi iliyoachwa na Fresnel haikujazwa na chochote.

Hesabu yake si ngumu. Fresnel huisogeza taswira nyuma kwa takriban theluthi moja ya unene wake. Ikiwa na unene wa milimita 1.5, kioo huhitaji kukaa nusu milimita nyuma ya usawa wa filamu. Ikiondolewa na kioo kikashuka kwenye vikalio, kioo husogea mbele milimita 1.5 nzima, na hivyo kuwa milimita 1 mbele ya filamu. Kwa lenzi ya milimita 135, mtu aliyelengwa macho akiwa umbali wa mita 2 atatoka na ukali wa picha ukiwa takriban sentimita 17 mbele ya macho yake. Mlima uliolengwa kwenye upeo wa macho utafifia, na kilicho mita 18 kutoka kwenye kamera ndicho kitakachotoka wazi.

Dalili ilikuwapo mezani. Kipima masafa kilikataa kukubaliana na kioo, nacho ndicho kilichokuwa kikisema kweli. Badala ya kumsikiliza shahidi huyo, fundi alikirekebisha kifuate kioo. Sasa vyote viwili vinapotosha kwa sauti moja, na mmiliki hana tena pa kugundulia kosa.

Kisha likaja jaribio la f/22 juani, likatangazwa kuwa ushahidi wa ufanisi. Safu hii imelipinga jaribio la namna hiyo mara nyingi na italipinga tena. Ukikubali duara la ukungu la milimita 0.1, f/22 husamehe hadi milimita 2.2 kila upande wa filamu, f/4.7 haisamehe hata nusu milimita. Mgongo hupimwa tundu la lenzi likiwa wazi kabisa.

Wapiga picha wa magazeti wa zamani wasingeipokea kazi hii. Joe Rosenthal alipopiga picha ya bendera kisiwani Iwo Jima mwezi Februari 1945 kwa Speed Graphic, hakupata muda wa kuchungulia kioo. Mtu wa kazi ya namna hiyo aliishi kwa kuamini vipimo vya kamera yake. Siku hizi mafundi hushindania mwangaza wa kioo na mng'ao wa vanishi, huku kipima kina kikibaki kwenye droo.

Njia sahihi inajulikana. Kishikio cha filamu hutiwa filamu ya kutupa, rula iliyonyooka hulazwa juu ya kishikio, na kina hadi uso wa filamu hupimwa. Kwa kishikio cha 4 kwa 5, kina cha kawaida hadi sakafu yake ni inchi 0.197, yaani milimita 5, na mkengeuko unaoruhusiwa ni inchi 0.007 tu. Kioo kisicho na Fresnel lazima kikae kwenye kina kile kile cha uso wa filamu. Pengo hujazwa kwa vipande vyembamba vyenye unene sawa kwenye pembe zote nne.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamera hiyo irudishwe mezani, kioo kisogezwe nyuma milimita 1, na kipima masafa kirekebishwe baada ya hapo, si kabla.