Rotaveta kwa trekta dogo: Kasese haina udongo mmoja

Muuzaji wa zana akishaambiwa trekta lina nguvu farasi ngapi, mara nyingi hana swali jingine. Anakuonyesha rotaveta inayolingana na idadi hiyo, mnapatana bei, mzigo unapakiwa. Kwa mkulima wa Kasese hesabu hiyo imeanzia mwisho. Nguvu farasi zina kazi yake, ila zana itadumu misimu miwili au kumi kwa kutegemea mambo mawili yasiyoandikwa kwenye boneti: mawe yaliyomo shambani, na gia ya chini kabisa ya trekta lenyewe.

Tuanze na ardhi. Wilaya hii inapanda kutoka nyanda za Ziwa George na Ziwa Edward, zaidi kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, hadi theluji ya Rwenzori kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109. Mito kama Mubuku, Nyamwamba, Nyamugasani na Lhubiriha inateremka kwa kasi, kisha inafika tambarare na kuishiwa nguvu. Hapo ndipo inapotua mzigo wake. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yaliacha mawe mahali ambapo watu walikuwa wakilima. Kwa hiyo kitalu ndani ya skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, kinachopandwa mahindi ya mbegu au vitunguu mwaka hadi mwaka, na shamba la ukingoni mwa Nyamwamba si kitu kimoja, hata kama mmiliki ni yuleyule.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua nondo iliyochongoka, ichome ardhini sentimita 15, sehemu ishirini zilizotawanyika shambani baada ya mvua. Ikigonga jiwe mara moja au mbili, okota mawe na uendelee. Ikigonga mara saba au nane, chaguo lako la rotaveta limeshaanza kubanwa.

Linabanwa hivi. Shafti ya PTO, inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta, inazunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi ya katikati inaupinda mwendo huo na kuupunguza, kisha ubavuni mwa zana unashushwa hadi kwenye ekseli ya visu, ambayo huzunguka kama mara 200 kwa dakika. Ubavuni humo ndimo bei zinapoachana: rotaveta ya mnyororo ni nafuu, ya gia ni ghali. Kwenye udongo laini mnyororo unafanya kazi vizuri tu, mradi mafuta yasikauke. Kwenye mawe, kila kisu kinachogota kinaupiga mnyororo mtikisiko, unalegea, na siku moja unakatika ukiwa na mvua mbili tu kabla ya kupanda. Spea nyingi zinatoka Kampala, zaidi ya kilomita 300. Penye mawe, nunua ya gia.

Kinga ya pili iko kwenye shafti. Zana nyingine zina bolti inayokatika kwa makusudi visu vikikwama, nyingine zina klachi ya sahani inayoteleza. Bolti ni rahisi, lakini ina adui mmoja: fundi anayechoka kuibadilisha na kuweka ngumu zaidi. Tangu siku hiyo kinachokatika si bolti tena, ni meno ya giaboksi. Klachi ni bora, ila sahani zake hushikana kwa kutu zikikaa bila kazi. Kila mwanzo wa msimu legeza springi zake, iache iteleze kidogo, kisha uzikaze kwa kipimo cha kitabu. Klachi iliyoshikana ni sawa na kutokuwa nayo.

Kuhusu visu, mjadala ulifungwa zamani. Arthur Clifford Howard, kijana wa shamba huko Australia, alijaribu mwaka 1912 kuzungusha majembe kwa injini, akaona yanarusha udongo pembeni. Dawa yake ilikuwa kisu chenye umbo la L, na ndicho kinachouzwa zaidi mpaka leo. Kile kilichojikunja kama C kinafaa mfinyanzi mzito wenye maji, kwa kuwa hakishikwi sana na tope.

Sasa nguvu. Kanuni ya mafundi ni nguvu farasi moja ya PTO kwa kila sentimita 5 za upana. Trekta la nguvu farasi 25 hufikisha kama 21 kwenye PTO, maana yake sentimita 105. Lakini magurudumu yake ya nyuma yanaweza kutanuka hadi 120 kutoka nje hadi nje. Wengi hapo hununua rotaveta ya 125 ili ifute alama za tairi, kisha injini inahema. Kuna njia nyingine: chagua ya 105 yenye uwezo wa kusogezwa upande, iegemee kulia ifunike alama ya tairi moja, na ile ya kushoto ifutwe na mkondo unaofuata.

Gia ndiyo inayosahaulika zaidi. Trekta likienda kilomita 2 kwa saa linapita mita 33 kwa dakika. Visu vitatu kila upande wa sahani ya ekseli, kwa mizunguko 200 kwa dakika, vinakata udongo vipande vya sentimita 5 na nusu. Ongeza mwendo hadi kilomita 4, vipande vinakuwa sentimita 11, yaani madongo. Kama gia ya chini kabisa ya trekta lako haishuki kilomita 2 wakati PTO iko 540, hakuna rotaveta itakayokupa kitalu cha vitunguu. Jaribu barabarani kwa saa ya mkononi na kamba ya mita 30 kabla hujatoa pesa. Na ujue kazi itachukua muda: kwa upana wa 105 na mwendo huo, ukihesabu na kugeuza, ekari moja inakula saa mbili na nusu hivi.

Mashina ya pamba yang'olewe kwanza, la sivyo yatajizungusha kwenye ekseli na kuchana sili. Gugu la lumbugu ni baya zaidi: rotaveta haliui, inalikatakata na kulipanda upya.

Bwera ni hesabu nyingine kabisa. Kilomita hamsini na kitu kutoka mjini Kasese, ukielekea mpaka wa Mpondwe, kahawa na mihogo vimepanda miteremko ambayo trekta dogo halipaswi kuikanyaga. Hata pale linapoweza kusimama, udongo uliosagwa kuwa unga utashuka wote na mvua ya kwanza hadi Lhubiriha. Huko juu jembe la mkono na matuta bado vinashinda.

Kwa tambarare, basi: sentimita 105 kwa trekta la nguvu farasi 25, gia ubavuni penye mawe, klachi ya kuteleza, visu sita vya L kwa kila sahani. Mwenye shamba Bwera mlimani asinunue. Akiwa na kipande kidogo bondeni, akodi.