Tazama Benchi Kwanza: Namna ya Kuipima Timu ya Kabadi

Anayetazama kabadi kwa mara ya kwanza humkodolea macho mvamizi, na halaumiwi. Mtu mmoja anavuka mstari peke yake, anaingia upande wenye watu saba wanaotaka kumwangusha, anarudiarudia "kabadi, kabadi" kwa pumzi moja, na ana sekunde 30 tu za kugusa mtu na kurudi kwao. Lakini ukitaka kujua kama timu ni nzuri kweli, muache huyo kidogo. Geukia benchi. Angalia nani ameketi pale, ameketi kwa muda gani, na wenzake wanafanya nini kumrudisha mkekani.

Nitalieleza hili kwa kuwafuata Patna Pirates, timu ya mji wa Patna, jimbo la Bihar nchini India. Ligi ya Pro Kabaddi ilianza Julai 2014 ikiwa na timu nane, kila moja ina mwekezaji wake na hupata wachezaji kwa mnada. Patna walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, misimu miwili ya mwaka 2016 na ule wa 2017, na mpaka sasa hakuna timu nyingine iliyofikisha mataji matatu. Kisha wakaporomoka, wakainuka, wakaikosa fainali moja kwa pointi moja. Wapenzi wa kabadi wa Nairobi, walioanza kuufuatilia mchezo Kenya iliposhiriki Kombe la Dunia kule Ahmedabad mwaka 2016, waliwakuta Patna hawa hawa kileleni.

Kwanza kanuni, zile tu tunazozihitaji. Mkeka una urefu wa mita 13 na upana wa mita 10, umegawanywa katikati, wachezaji saba kila upande. Mvamizi akimgusa mlinzi na kurudi salama, mlinzi yule anatoka na timu ya mvamizi inapata pointi. Akikabwa asirudi, anatoka yeye. Aliyetoka hukaa benchi mpaka wenzake wamtoe mpinzani mmoja, ndipo arudi, na hurudi kwa zamu: aliyetangulia kutoka ndiye anayetangulia kuingia. Timu ikimalizika yote, mpinzani anaongezewa pointi 2 na wote saba wanarejea.

Hapo kwenye kurudi kwa zamu ndipo penye mchezo wenyewe. Pointi zote zinafanana ubaoni, lakini kazi zake hazifanani. Ipo pointi ya bonasi, ambayo mvamizi huipata kwa kukanyaga nyuma ya mstari wa bonasi mguu wa pili ukiwa hewani, ikiwa walinzi waliopo ni sita au saba. Bonasi inaongeza hesabu, ila haimrudishi mtu yeyote kutoka benchi. Kwa hiyo mvamizi bora anapokuwa nje, mwenzake akaleta bonasi tatu mfululizo, mashabiki hushangilia na bingwa wao anaendelea kukaa. Mwenzake akileta mguso mmoja tu, huenda bingwa akarudi. Ukiona mvamizi wa pili anaacha bonasi ya bure na kumfuata mlinzi wa kona kwa sababu anajua nani yuko benchi, ujue timu hiyo imefundishwa.

Mwaka 2017 Patna walikuwa na Pardeep Narwal. Sijaona mvamizi wa kumfananisha naye katika mwaka ule. Alimaliza msimu na pointi 369 za uvamizi, na katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Haryana Steelers alipata 34, huku uvamizi wake mmoja tu ukiiletea timu 8, Patna wakishinda 69 kwa 30. Silaha yake ni ile inayoitwa dubki. Walinzi wanafunga mnyororo wa mikono mbele yake, naye anainama ghafla mpaka kifua kinakaribia magoti, anapita chini ya mikono yao na kuibukia upande wa pili akiwa tayari anakimbilia mstari wa kati. Itazame polepole utaona siri haiko mgongoni. Iko kwenye hatua moja fupi kabla ya kuinama: anawafanya walinzi waamini anataka kupita juu, wainue mikono, wasimame wima. Asiyejua huiga kuinama tu, akaangukia mikononi mwa watu.

Lakini msimu ule ule Patna walikuwa pia na Monu Goyat. Pardeep alipotolewa, Monu aliingia akagusa mtu, Pardeep akarudi. Mpinzani alilazimika kumkaba mtu yule yule mara nyingi katika dakika 40, na hakuna safu ya ulinzi inayoweza kazi hiyo. Katika fainali waliwafunga Gujarat 55 kwa 38, na Gujarat walikuwa na walinzi wakali, akiwamo Mwirani Fazel Atrachali.

Mnada uliofuata ulimpeleka Monu Haryana kwa rupia milioni 15.1, bei ya juu kuliko zote wakati huo. Patna hawakuingia hatua ya mtoano mwaka 2018. Mwaka 2019 Pardeep alipata pointi 302 za uvamizi, hesabu ambayo wengi huimaliza ligi bila kuikaribia, na timu yake ikashika nafasi ya nane kati ya 12. Mtu anayepima timu kwa pointi za nyota wake hana jibu kwa msimu huo. Anayetazama benchi analo: Pardeep alipokabwa, alikaa. Hakukuwa na mkono wa pili wa kuaminika.

Sasa tuje kwa walinzi, kwa kuwa ndio watu ninaowapenda zaidi katika mchezo huu, na ndio wanaosahaulika. Wako walinzi wa kona, wale wawili wa pembeni kabisa, na wale wa ndani wanaokuja kusaidia. Mpime mlinzi wa kona kwa miguu yake kabla ya mikono. Mbaya huruka pale mvamizi anapomtazama usoni; huko ndiko kuingia kabla ya wakati, na timu dhaifu hupoteza watu wengi hivyo. Mzuri hurudi nyuma nusu hatua, anaachia nafasi, anamwacha mvamizi aamini kwamba ameogopwa. Anasubiri bega ligeuke kuelekea mstari wa kati. Bega likishageuka, uzito umehamia mguu mmoja, na mvamizi hawezi tena kubadili nia. Hapo ndipo kona anaushika mguu ule, kifundoni au pajani, na kujilaza nao.

Usiishie hapo. Hesabu ni nani aliyefika baada yake. Mshiko wa kona peke yake mara nyingi huvutwa mpaka mstarini, kwa maana mvamizi akinyoosha mkono tu akaugusa mstari wa kati, amesalimika na wote waliomshika wanatoka. Katika timu nzuri mlinzi wa ndani anaanza kwenda wakati mmoja na kona, si baada ya kuona kona ameshika. Wanakuwa wameambizana kwa kubanana vidole katika mnyororo, jambo ambalo kamera haioneshi mara nyingi ila ukiwa makini utaliona. Ukiona walinzi watatu wamefika kwa mpigo, hata mvamizi akiponyoka, usiwashushe thamani.

Msimu wa 2021 hadi 2022 Patna waliingia bila Pardeep. UP Yoddha walikuwa wamemnunua kwa rupia milioni 16.5, na wengi waliona Patna wamekwisha. Mechi zote zilichezwa Bengaluru bila watazamaji kwa sababu ya korona. Patna walimaliza vinara wa msimamo. Uvamizi waliugawana Sachin Tanwar, Monu Goyat aliyekuwa amerejea, Prashanth Kumar Rai na Guman Singh, na kona ya kushoto alisimama kijana wa Iran katika msimu wake wa kwanza wa ligi, Mohammadreza Shadloui, aliyemaliza na pointi 89 za kukaba, nyingi kuliko mlinzi yeyote msimu huo. Katika nusu fainali walikutana na UP Yoddha wa Pardeep na kuwashinda 38 kwa 27. Kwangu ile ndiyo timu bora kabisa ya Patna kwa ustadi, kuliko zile tatu zilizobeba kombe, na najua wapo watakaonipinga vikali.

Fainali waliikosa kwa 37 kwa 36 mbele ya Dabang Delhi. Macho ya wote yalikuwa kwa Naveen Kumar, naye alipata 13. Aliyewaumiza Patna ni Vijay Malik, mvamizi wa pili, mwenye 14.

Kipimo kingine ni walinzi watatu. Timu ikibaki na watatu au pungufu na ikamkaba mvamizi, inapewa pointi 2 badala ya moja. Kwa hiyo usidhani waliobaki watatu wameshindwa. Tazama wanavyojipanga: walioiva hupanuka, wanaacha pengo katikati kwa makusudi, na kumvuta mvamizi aliye na tamaa ya kuwamaliza. Tazama na upande wa pili pia. Timu yenye akili inaweza kurudi mikono mitupu mara mbili ikingoja wakosee, lakini mara ya tatu haina hiari: baada ya timu kufanya uvamizi mtupu mara mbili mfululizo, wa tatu ni wa kufa kupona, mvamizi asipopata kitu anatoka. Nani anapewa uvamizi huo? Timu nyingi humsukumia mchezaji mdogo ili kumlinda nyota. Zile bora zina mtu maalumu wa kazi hiyo, mara nyingi asiye na jina kubwa, na kocha anajua kila uvamizi wa tatu utaangukia kwa nani.

Muda nao una pa kutazamwa. Timu inayoongoza kwa pointi nne zikiwa zimesalia dakika tano inapaswa kutumia sekunde zake zote 30 katika kila uvamizi. Ukiona wanaingia kwa pupa, uongozi huo si salama.

Mwishoni wapime wanaonunua. Manpreet Singh alikuwa nahodha wa Patna walipobeba kombe lao la kwanza mwaka 2016. Baadaye akawa kocha, akapoteza fainali ya 2017 akiwa na Gujarat, mbele ya Patna hao hao. Desemba 2024, akiwa kocha wa Haryana Steelers, aliwakuta Patna tena fainali. Patna walikuwa na Devank Dalal, mvamizi aliyeongoza ligi kwa pointi 301. Manpreet alikuwa na Shadloui, yule yule aliyelelewa Patna, aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa na Puneri Paltan msimu uliotangulia. Haryana walishinda 32 kwa 23. Devank alizimwa, na mara hii hapakuwa na wa kumrudisha kwa wakati.

Miezi michache baadaye Bengal Warriorz walimnunua Devank kwa rupia milioni 22.05, Patna wakabaki na Ayan Lohchab, aliyekuwa mvamizi wao wa pili. Orodha kama hizo zikitoka, mimi huanza kwa kusoma majina ya walinzi wa kona, kisha namtafuta mvamizi wa pili, na bei za wanunuliwa wakubwa nazisoma mwisho.