Filamu ya Meno Yangu

Filamu niliyoirudia sana mwaka huu haina mwigizaji. Ni meno yangu kwenye kompyuta ya daktari, Malindi: yanasogea, yanajipanga, mwanya wa mbele unazibika. Sekunde chache, imeisha.

Kama hadithi, imeruka katikati. Haionyeshi kuvaa vifuniko vya plastiki angavu saa 22 kwa siku, kuvivua kila ukitaka mahamri, kupiga mswaki ndipo uvirudishe. Haionyeshi meno yakiuma kila ukianza seti mpya, wala barazani kahawa ikipita, we wanywa maji.

Ila kosa kubwa liko mwanzoni: imeuhesabu mwanya kuwa kasoro. Teknolojia hii ilianzia California mwaka 1997. Huku pwani mwanya twausifu. Nyanya aliitazama kwenye simu yangu akauliza, "Mjukuu wangu, sasa hapo ugonjwa ni upi?"

Sikuwa na jibu. Kilichonipeleka kwa daktari ni meno ya chini yaliyopandana. Nikarudi nikamwambia: nyoosha ya chini, mwanya niachie. Akatengeneza filamu nyingine. Hii naipenda: mpaka mwisho, anayecheka ni mimi.