Lori la Kilwa Kwenye Baridi ya Njombe

Kwa dereva wa pwani ya Lindi, adui wa injini ni joto. Jua la mchana kati ya Nangurukuru na Mingoyo halimwachi mtu awaze baridi. Anachohofia ni gari kuchemsha. Ndiyo maana mafundi wengi wa barabarani, wakiletewa lori lililochemsha, hung'oa thamostati, vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto, na kuitupa. Maji hupita moja kwa moja hadi kwenye rejeta, mshale wa geji hushuka, safari huendelea.

Hesabu hiyo huvurugika lori likiipa pwani mgongo. Kutoka Mingoyo lami inapita Masasi, Tunduru na Songea hadi Njombe. Gari lililoanza safari usawa wa bahari hufika kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, na Juni na Julai usiku wa huko ni wa makoti mazito. Juu zaidi, kwenye uwanda wa Kitulo, majani huamka na sakitu.

Baridi hiyo huanza na oili. Ile ya 15W-40, inayotumika sana kwenye malori, ikiwa na nyuzijoto 10 huwa nzito zaidi ya mara 30 kuliko ikiwa na nyuzijoto 100. Namba 40 tupu, isiyo na herufi W, haikupimwa kabisa kwa ajili ya kuwashia gari kwenye baridi. Asubuhi geji ya presha hupanda juu na dereva akaridhika, kumbe presha hiyo inatokana na uzito wa oili inayosukumwa kwa shida, huku tabo na beringi za juu zikiisubiri.

Hapa ndipo thamostati inapoonyesha kazi yake ya pili, ambayo wengi hawaijui. Kwenye injini kubwa za dizeli, kipoza oili huzungukwa na maji yaleyale ya injini. Maji hupata moto kwanza, yakaipasha oili. Baadaye oili ikizidi moto, maji huipunguzia. Thamostati nyingi huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 na ushee, na oili hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 110. Anayeondoa thamostati ameondoa kirekebishi cha joto la maji na la oili kwa pamoja.

Madhara yake hayapigi kelele. Lita moja ya dizeli ikiungua huzaa takribani lita moja ya maji kama mvuke. Mwingi hutoka kwenye ekzosi, lakini kiasi hupenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye oili. Oili yenye moto huufukuza. Oili baridi huutunza, pamoja na dizeli isiyoungua. Tope jeupe chini ya kifuniko cha oili ndilo dalili. Tena kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi, maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani lori huchemsha vilevile!

Pwani nayo haijasalimika. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga, Kilwa, na magari yakakwama. Katika foleni ya namna hiyo, injini inayoachwa ikinguruma kwa saa nyingi gari likiwa limesimama hupoa hata kwenye joto la Kilwa, kwa sababu haina mzigo.

Kule Njombe, basi, dereva aache injini ingurume dakika tatu hadi tano, kisha aondoke taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Lori halipati moto kwa kusimama. Hupata moto kwa kuvuta. Wenzake wa Kanada na Finland huziba rejeta kwa turubai, lakini lori linaloteremka siku hiyohiyo kuelekea Masasi litachemsha turubai hilo likisahauliwa.

Gari likichemsha, fundi atafute chanzo: rejeta iliyoziba, mfuniko wake uliolegea, fenibelti, au maji ya kisima cha pwani yenye chumvi yaliyoacha magamba ndani. Thamostati yenyewe hupimwa kwa sufuria ya maji jikoni: ining'inizwe pamoja na kipimajoto, maji yachemshwe, na itazamwe kama inafunguka kwenye namba iliyochongwa pembeni mwake.