Mtazame Mbuzi Kwanza

Hapa Kigombe, pwani ya Tanga, hatuna haja ya kushawishiwa kwamba kiumbe wa kale anaweza kuibuka. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walimhesabu marehemu wa miaka milioni 66 mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, hunaswa na majarife ya pwani hii, na tangu 2009 bahari yetu imo katika hifadhi yenye jina lake. Kwa hiyo filamu ya Jurassic Park, ya dinosaria waliofufuliwa, ikiwekwa kwenye kibanda umiza, hukumu za watu wa hapa ni kali. Haya nimejifunza kuyatazama kwenye mabenchi yale.

Anza na mbuzi. Katika filamu ya kwanza, ya 1993, Steven Spielberg anamfunga mbuzi ili dinosaria aje kumla. Mchana dinosaria haji. Usiku mvua inanyesha, umeme umekatika, maji ndani ya bilauri yanacheza viduara. Mtoto anauliza mbuzi yuko wapi, mara paja la mbuzi linadondoka juu ya kioo cha paa la gari. Shambulio lote halina muziki. Filamu ina zaidi ya saa 2, na dinosaria wote wanaonekana kama robo saa tu. Mkono wa mwongozaji uutafute kwenye anachokuficha.

Kisha tazama nyuso. Ellie, mtaalamu wa mimea ya kale, anachunguza jani, hana habari. Mwenzake Grant anamshika kichwa na kumgeuza bila neno. Tunaona mdomo uliobaki wazi kabla hatujaiona shingo ya mnyama. (Nakala yenye mtafsiri anayesimulia juu ya filamu, ule mtindo uliompa mtafsiri Lufufu jina, inakupa kipimo kingine: subiri mtafsiri anyamaze anywe maji. Tukio likiendelea kueleweka, mwongozaji kafanya kazi yake.)

Falsafa wengi huitafuta kwenye maneno ya Malcolm, yule mwanahisabati. Mimi naikuta kwenye aiskrimu. Mzee Hammond, mwenye bustani, anakula aiskrimu inayoyeyuka kwa kukosa umeme, wajukuu wake wamepotelea porini. Anasimulia sarakasi ya viroboto aliyowahi kuifanya: viroboto hawakuwapo, mota ndiyo ilisukuma vidude, na watoto waliapa wanawaona. Safari hii alitaka kuonyesha kitu cha kweli. Ellie anamwambia hata hii ni sarakasi ileile. Naamini Spielberg anajisema mwenyewe, yeye na dinosaria wake wa mpira na kompyuta.

Zilizofuata? The Lost World (1997) ina mwanamke aliyelala juu ya kioo kinachopasuka taratibu chini ya uzito wake: ufundi mtupu, swali dogo. Jurassic World (2015) inawacheka wageni waliochoshwa na dinosaria wa kawaida, kisha inatuuzia mkubwa zaidi. Dominion (2022) ina nzige wengi kuliko fikra.

Ila Fallen Kingdom (2018) ya J. A. Bayona nitaitetea kwa picha moja. Volkano imelipuka, meli imeng'oa nanga, na yule dinosaria mwenye shingo ndefu amebaki gatini analia mpaka moshi unamfunika, kinabaki kivuli. Wavuvi wa benchi la mbele, ambao huzungumza filamu nzima, walinyamaza. Halafu mmoja akauliza, kwa sauti ya kukereka, kwa nini nahodha hakugeuza.