Lulu kwa Wimbo: Sinema ya Kihispania Mbele ya Waamuzi wa Ng'ambo

Miongoni mwa wasomi wetu, na hata miongoni mwa baadhi ya makada, limezoeleka wazo kwamba filamu ya nchi maskini ikipata tuzo Ulaya basi utamaduni wa nchi hiyo umeshinda. Wazo hili linafariji, na kwa sababu hiyo linastahili kuchunguzwa kwa makini. Tamasha la filamu si ngoma ya mavuno. Ni mahali ambapo picha ya taifa hupewa bei. Na penye bei pana muuzaji, pana mnunuzi, na mara nyingi pana mtu wa tatu ambaye ndiye mwenye mali lakini hakualikwa. Tunataka kulitazama suala hili kwa kutumia sinema ya lugha ya Kihispania, yaani ya Uhispania yenyewe na ya nchi ilizozitawala huko Amerika, kwa sababu sinema hiyo imepita katika milango ya matamasha makubwa kwa zaidi ya miaka 70 na mafunzo yake yako wazi.

Tuanze na faida, maana uchambuzi unaoona ubaya tu ni uvivu wa aina yake. Novemba 1950 filamu ya Luis Buñuel iitwayo Los olvidados ilionyeshwa katika jiji la Meksiko. Buñuel alikuwa Mhispania aliyeishi uhamishoni baada ya ushindi wa mafashisti wa Franco. Filamu yake iliwaonyesha watoto wa mitaa ya mabanda bila kuwapaka sukari: mtoto anaiba, mtoto anaua, na mwisho maiti inatupwa jalalani. Wakubwa walighadhibika, wengine wakataka mwongozaji huyo afukuzwe nchini, na baada ya siku chache filamu ikaondolewa. Mwaka 1951 tamasha la Cannes likampa Buñuel tuzo ya uongozaji. Filamu ileile ikarudi Meksiko, na safari hii ikapokelewa. Mabepari wa Meksiko hawakuwa wamebadilika katika miezi hiyo michache, wala watoto wa mabanda hawakuwa wamepata shule na viatu. Kilichobadilika ni kwamba Ulaya ilikuwa imesema. Kwa hiyo hata katika ushindi ule mwema tunauona ugonjwa: tabaka tawala la nchi iliyowahi kutawaliwa huyaamini macho yake pale tu yanapothibitishwa na macho ya mwingine.

Mwaka 1961 lilitokea jambo zito zaidi. Serikali ya Franco, ikitaka ionekane ya kistaarabu, ilimruhusu Buñuel arudi kutengeneza Viridiana, na filamu hiyo ikaenda Cannes kwa jina la Uhispania. Ikapata Kuti la Dhahabu. Mkurugenzi mkuu wa sinema wa serikali, José Muñoz Fontán, alipanda jukwaani kupokea tuzo. Kisha gazeti la Vatikani likailaani filamu hiyo, ambamo ombaomba wameketi mezani kwa mfano wa Karamu ya Mwisho, na mkurugenzi akapoteza cheo chake. Viridiana ilipigwa marufuku Uhispania hadi 1977, yaani miaka miwili baada ya Franco kufa. Mtu wa Paris aliiona; mkulima wa Toledo, ambako ilipigwa, hakuiona. Tamasha liliiokoa filamu, halikumwokoa mtazamaji wake.

Waamuzi nao si malaika. Mwaka 1953, hapo hapo Cannes, mwigizaji wa Marekani Edward G. Robinson, aliyekuwa mmoja wao, alilalamikia ¡Bienvenido, Mister Marshall! ya Luis García Berlanga kwa sababu bendera ndogo ya Marekani inaonekana ikichukuliwa na maji ya mtaroni. Wale wanaotuambia kwamba sanaa haina siasa wamuulize Robinson.

Lakini enzi hiyo ilikuwa ya kuonyesha kilichokwisha kutengenezwa. Enzi ya sasa ni nyingine. Tamasha limeacha kuwa mlango tu, limekuwa shamba. Rotterdam ilianzisha mfuko wake wa kusaidia filamu za nchi zinazoendelea mwaka 1988. San Sebastián na Toulouse zilianza mwaka 2002 kuwaita watengenezaji wa Amerika ya Kilatini waonyeshe filamu ambazo hazijakamilika, ili wapate fedha za kuzikamilisha. Berlin ikafuata na mfuko wake mwaka 2004, kwa sharti la kuwa na mshirika wa Kijerumani. Fedha hizi zimeokoa kazi nyingi ambazo benki za Lima au La Paz zisingezitazama, nasi hatumlaumu msanii anayezipokea. Lakini lazima ieleweke kwamba hapa uhusiano wa uzalishaji umebadilika. Mtazamaji wa ng'ambo yumo ndani ya filamu kabla kamera haijawashwa.

Wakolombia wawili wa mji wa Cali, Luis Ospina na Carlos Mayolo, waliliona hili mapema. Filamu yao fupi Agarrando pueblo, ya 1977, inawafuata watengenezaji wanaozunguka mjini kukusanya picha za ufukara kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani. Wanawarushia watoto sarafu wazipigie mbizi. Wanaikodi familia, wanaifundisha maneno ya kusema, wanaiweka mbele ya kibanda. Ghafla mwenye kibanda anatokea. Anapewa noti ili anyamaze, naye anazitumia kwa namna ambayo jarida hili halina haja ya kuieleza, kisha anaukamata mkanda na kuufunua kwenye mwanga ili picha zote ziungue. Walipoionyesha Paris mwaka 1978 waliiandikia tamko lililoipa biashara hiyo jina la pornomiseria, yaani umaskini unaovuliwa nguo ili utazamwe.

Kwa silaha hiyo tuikabili filamu iliyosifiwa kuliko nyingi: La teta asustada ya Claudia Llosa wa Peru, iliyopata Dubu wa Dhahabu huko Berlin Februari 2009, nayo ikiwa imesaidiwa na mfuko wa Berlin. Fausta ni binti wa watu waliokimbia milimani wakati wa vita vya 1980 hadi 2000. Tume ya Ukweli ya Peru ilikadiria mwaka 2003 kwamba vita hivyo viliua au kupoteza watu wapatao 69,000, na kwamba watatu kati ya kila wanne walikuwa wasemaji wa Kikechua au lugha nyingine za wenyeji. Mama yake alibakwa. Wenyeji husema hofu ya mama hupita katika maziwa. Fausta ameinyonya, na anatembea akiambaa kuta. Amejiwekea kiazi mwilini kiwe ngao. Mama anapokufa, binti anatafuta fedha za mazishi kwa kufanya kazi ya nyumbani kwa bibi tajiri, mpiga piano, aliyekaukiwa na tungo.

Hapo ndipo filamu inapopanda juu ya filamu nyingi za aina yake. Bibi anamsikia Fausta akiimba peke yake. Anamwahidi lulu moja kwa kila wimbo. Baadaye anaupiga wimbo ule kwenye piano, ukumbini, mbele ya watu wa tabaka lake, na makofi yanavuma. Wakiwa garini Fausta anathubutu kusema kwamba watu wameupenda. Bibi anasimamisha gari na kumshusha barabarani usiku, bila lulu. Hatujaona popote unyonyaji wa utamaduni ukielezwa kwa ufupi na ukamilifu kiasi hiki. Malighafi imetoka jikoni, imesindikwa sebuleni, imeuzwa ukumbini, na mzalishaji ameachwa njiani.

Sasa swali ambalo wahakiki wengi wa Ulaya hawakuliuliza: je, Berlin haikuwa ukumbi ule? Llosa mwenyewe ni wa tabaka la juu la Lima, wa ukoo wa mwandishi Mario Vargas Llosa. Aliyeigiza Fausta, Magaly Solier, ni binti wa Huanta, mkoa wa Ayacucho ulioumia kuliko mikoa yote. Siku ya tuzo Solier aliimba jukwaani kwa Kikechua. Makofi yalivuma. Hatusemi kwamba Llosa ni yule bibi; mtu anayejichora hivyo amekwisha anza kujikosoa. Tunasema kwamba filamu ina ujasiri mpaka kwenye mlango wa nyumba ya tajiri, kisha inapooza. Mbakaji hana sare wala amri aliyopewa na mtu. Vita vinakuwa kama mvua ya mawe, jambo lililotokea milimani. Mtazamaji wa Berlin anaondoka na huzuni, haondoki na jina la mhalifu yeyote.

Na yupo mhusika mmoja ambaye matamasha yamempenda mno: mtumishi wa nyumbani. Mwaka huohuo 2009 La nana ya Mchile Sebastián Silva ilishinda Sundance. Mwaka 2018 Roma ya Mmeksiko Alfonso Cuarón ikapata Simba wa Dhahabu huko Venice. (Roma ilipotolewa na Netflix iliwekewa, kwa watazamaji wa Uhispania, maandishi ya Kihispania cha Uhispania juu ya Kihispania cha Meksiko: mtu anasikia neno moja na kusoma jingine la lugha ileile. Cuarón alilalamika, na Januari 2019 yakaondolewa. Ukoloni una ucheshi wake.) Katika filamu hizi zote wema au ukatili wa mwajiri ndio hali ya hewa anamoishi mtumishi. Lakini watumishi wa Meksiko walikuwa na chama chao cha wafanyakazi tangu 2015. Desemba 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba ni lazima waingizwe katika hifadhi ya jamii, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa. Filamu iliwapazia sauti, hilo ni kweli. Haikuwaanzisha, wala haikuwaonyesha wakiwa wamekusanyika.

Wabolivia wa kundi la Jorge Sanjinés walikwenda njia nyingine. Yawar Mallku ya 1969, iliyoshutumu kufungwa uzazi kwa wanawake wa Kikechua na Wamarekani, ilizuiwa La Paz siku ya kuonyeshwa, na maandamano ya umma yakaifungua. Mwaka 1971 kikosi cha Peace Corps kikafukuzwa Bolivia. Matamasha ya Ulaya nayo yaliisifu. Hata hivyo Sanjinés hakuridhika, kwa kuwa wakulima walipoitazama hadithi yake iliyorukaruka nyuma na mbele iliwachanganya. Akabadili mtindo. El coraje del pueblo ya 1971 ililipiwa na televisheni ya Italia, lakini wanaoigiza ni wachimbaji na wajane wa Siglo XX waliookoka mauaji ya Juni 1967, wakiyasema wanayoyakumbuka. Fedha za ng'ambo, basi, si lazima zinunue ulimi. Mapinduzi ya kijeshi ya Agosti 1971 yaliinyima Bolivia filamu hiyo kwa miaka, na Sanjinés akaenda Peru. Huko, katika El enemigo principal ya 1974, mzee Saturnino Huillca, kiongozi wa wakulima, anasimama mbele ya kamera na kusimulia kwanza yatakayotokea, ndipo picha zinafuata, ili wanakijiji wasishughulike na kubahatisha mwisho bali watafute sababu. Mtazamaji wa matamasha, aliyezoea kushikwa roho hadi dakika ya mwisho, anaweza kuchoka. Filamu hiyo haikutengenezwa kwa ajili yake.